Mwenye Sanduku Asikie Kwanza
(Hotuba ya Katibu wa kikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10)



Miaka kumi si haba. Tulianza na daftari moja na sanduku la kufuli tatu, watu wakatucheka. Leo waliotucheka wamekuja kula nasi. Karibuni sana.

Nimepewa dakika chache niseme juu ya tathmini. Najua neno hilo likitajwa wengine huanza kusinzia. Leo naomba msisinzie, maana tathmini nusura ituvunjie kikundi. Na kosa lilikuwa letu viongozi, mimi nikiwa wa kwanza.

Wengi mnakumbuka ile tathmini yetu ya kwanza. Tuliuliza maswali, tukajumlisha, tukaandika ripoti nzuri yenye jalada. Nakala ya kwanza ikaenda kwa wafadhili. Ya pili ikaenda ofisini kwa Afisa Maendeleo. Ninyi wenye sanduku mkasomewa mwisho kabisa, jua la saa nane, na mimi nikajifanya nshomile: asilimia hii, wastani ule, kiashiria kile. Mkapiga makofi, mkaenda zenu.

Ripoti ilisema marejesho ya mikopo ni mazuri. Ni kweli, yalikuwa mazuri. Lakini ndani, ukurasa wa nyuma, kulikuwa na jambo ambalo sikulisoma kwa sauti: baadhi yetu walikuwa wakilipa mkopo wa kikundi kwa kukopa nje, ile mikopo ya kausha damu. Niliona aibu, na niliogopa wageni wasisikie. Basi tukanyamaza. Haukupita muda, mwenzetu mmoja akaondoka kikundini kimyakimya. Kahawa ya nyumbani kwake ilikuwa imeuzwa kwa butura, ingali maua mtini, ili alipe deni la nje ambalo alilichukua alipe deni letu. Hapo maneno yakaanza: viongozi wanajua, viongozi wanaficha. Na walikuwa na haki kusema hivyo.

Ndugu zangu, tusidhani jambo hili ni la vikundi vidogo tu. Hapa hapa Muleba ulifanyika utafiti ambao dunia nzima imeusikia. Mbu wetu walikuwa wamezoea dawa ya kwenye vyandarua vya kawaida. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa chuo cha KCMC Moshi, na wa London, walijaribu chandarua kilichoongezwa dawa ya pili, iitwayo PBO, inayomwondolea mbu ule ukaidi wake. Waligawa maeneo 48 katika makundi, wakapima damu za watoto. Shirika la Afya Duniani likavikubali vyandarua vya namna hiyo mwaka 2017, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet.

Sasa sikilizeni namna habari moja inavyobadili nguo. Madaktari wenzao waliandikiwa kwa hesabu ya kitaalamu yenye sifuri na nukta, na walielewa. Shirika la Afya lilitaka kujua: je, nchi nyingine zivinunue? Halmashauri inataka kujua: tuagize vipi, na kwa gharama gani? Lakini mama wa Muleba yeye anauliza: mwanangu atapona? Huyu mwambie hivi: baada ya miezi 9, kati ya watoto 100 waliokuwa kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida, 42 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye maeneo ya vyandarua vipya walikuwa 29. Mama hahitaji digrii kuelewa hapo. Na umwambie pia upande wa pili: hao 29 bado walikuwa na vimelea. Kwa hiyo mtoto akipata homa mpeleke akapimwe, usiseme chandarua kinatosha.

Mnaona? Namba hazikubadilika. Kilichobadilika ni swali la anayesikiliza. Na habari njema haikuficha habari mbaya.

Nasi tulijifunza. Tathmini iliyofuata tulianza na wanachama, kabla karatasi yoyote haijatoka nje. Tuliweka mabakuli mawili chini ya kitambaa, kila mama akapewa punje moja ya haragwe. Aliyelipa kwa faida ya shughuli yake aliweka kulia, aliyelipa kwa kukopa kwingine aliweka kushoto. Hakuna aliyeuona mkono wa mwenzake. Kitambaa kilipofunuliwa, bakuli la kushoto halikuwa tupu. Ukimya ule sitausahau. Kisha mama mmoja mzee akasema, "Basi hili ni letu sote." Jina la mtu halikutajwa, na hata leo halitatajwa.

Siku ile ile tukabadili kanuni: mkopo usizidi mara tatu ya hisa zako, na anayetegemea kahawa alipe msimu wa kahawa, si kabla. Ndipo tukaenda kwa wengine. Akina baba tuliwaita tukawaeleza kwa mazungumzo, bila karatasi, maana deni la mama ni deni la nyumba. Ofisi ya kata tuliipa ukurasa mmoja: wanachama wangapi, akiba kiasi gani, tatizo nini, tunaomba nini. Wafadhili tuliwaandikia ripoti kamili, na safari hii tatizo tuliliweka ukurasa wa kwanza. Tulidhani watatukimbia. Hawakutukimbia, waliuliza tunahitaji mafunzo gani.

Kwa hiyo, akina mama, nawaachia mambo matatu. Kwanza, mwenye sanduku asikie kabla ya jirani. Pili, kila mmoja aambiwe kwa lugha yake na kwa swali lake, lakini ukweli uwe mmoja. Tukimwambia mfadhili hili na mwanachama lile, siku watakapokutana tutaumbuka. Tatu, tuseme tatizo bila kumwaga siri ya mtu.

Yule mwenzetu aliyeondoka, nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake nikamwomba radhi. Hajarudi kikundini, na siwezi kumlaumu. Lakini kitabu hiki kikitoka nitampelekea nakala yake kwa mkono wangu, ajue kwamba ukurasa ule nilioogopa kuusoma sasa umesomwa mbele ya watu wote.