Jani Lililotupwa Dirishani

Dominika ya 6 ya Mwaka A. Injili: Mathayo 5:17-37



Katika Injili ya leo Bwana wetu anaigusa amri ya tano, ile inayokataza kuua, na papo hapo anatupeleka mahali ambapo hatukutazamia. Hazungumzii upanga wala sumu. Anazungumzia hasira, na neno la dharau ambalo mtu hulitamka juu ya ndugu yake. Kisha anatuonyesha mtu aliyefika altareni na sadaka mkononi, akakumbuka kwamba yuko ndugu mwenye lalamiko juu yake. Mtu huyo anaagizwa aiache sadaka yake hapo, aende akapatane kwanza. Wengi wetu tumeyasikia mafundisho hayo tangu utotoni. Mimi niliyaelewa siku niliposimama na mkasi mkononi mbele ya darasa la vijana, nikiwafundisha kupanga maua.

Nilikuwa mwalimu mwanafunzi. Chuo kilinipeleka kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Tanga. Migomba ile, baridi ile ya asubuhi na desturi za wenyeji vyote vilikuwa vigeni kwangu. Nikapewa Kidato cha Pili, somo la sayansi kimu, mada ya kupamba nyumba. Wanafunzi walikuwa 36, wavulana kwa wasichana, nami nilikuwa nimewazidi umri kwa miaka sita tu. Wavulana walinong'ona kwamba maua ni kazi ya akina mama. Niliogopa. Na mwalimu anayeogopa, wapendwa, huwa na haraka ya kujionyesha kuwa hodari.

Andalio langu la somo lilikuwa zuri. Nilieleza kwamba maua hukatwa asubuhi mapema au jioni, jua lisipokuwa kali, wakati mashina yamejaa maji. Nilieleza kwamba shina hukatwa mshazari, ili lipate nafasi pana ya kunywa maji na lisikae bapa juu ya sakafu ya chombo; na kwamba ua refu kuliko yote lifikie yapata mara moja na nusu ya kimo cha chombo. Zaidi ya yote nilisisitiza kuwa majani yote yatakayozama majini yaondolewe, kwa maana huoza humo, huchafua maji, na kufupisha uhai wa maua yaliyo juu. Wakaandika yote. Nikawagawa wawili wawili kwa kufuata orodha ya majina, kila jozi bakuli moja, nikawaambia walete maua kutoka kwao. Bakuli litakalopendeza kuliko yote lingepelekwa kanisani siku ya Dominika.

Kesho yake darasa lilinukia. Yalikuja mayungiyungi meupe, dalia, mawaridi, kana nyekundu, na kangaga zilizochumwa kando ya mto. Nikapita meza kwa meza, nikisifu hapa na kurekebisha pale, hata nikafika kwa vijana wawili walioketi kila mmoja akitazama upande wake. Katikati ya maua yao palisimama jani moja refu la kijani, la mmea ule ule nilioupita kila siku njiani, umepandwa kuzunguka mashamba. Halikuwa na rangi ya kupendeza wala harufu, tena liliharibu umbo zima. Nikauliza ni nani aliyeliweka. Mmoja akasimama, akasema, "Ni mimi, Mwalimu."

Sisi watu wa pwani tunapenda kucheza na maneno. Nikasema kwa sauti, "Nimewaagiza maua, sikuwaagiza ua wa shamba!" Nikalichomoa jani lile, nikalitupa dirishani. Darasa likaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza wavulana wale kucheka pamoja nami. Kijana yule hakucheka, wala mwenzake hakucheka. Aliketi, akaiweka mikono yake juu ya meza, na hakuigusa tena kazi ile.

Jioni mwalimu mwenyeji wa somo, mama wa makamo aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa, aliniita. "Mwanangu," akasema, "unakijua ulichokitupa leo?" Nikajibu kwamba lilikuwa jani la uani. Akanitazama kwa huruma. "Lile ni isale," akasema.

Ndipo akanifundisha somo ambalo chuo hakikunifundisha. Miongoni mwa Wachaga, masale hupandwa mipakani mwa kihamba, ili kila mmoja ajue mwisho wa ardhi yake. Lakini mmea huo huo unaogawa mashamba ndio unaounganisha watu. Mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani la isale akaenda nalo kuomba radhi. Na aliyeletewa isale huona vigumu mno kukataa kusamehe. Akaniambia kwamba baba za vijana wale ni ndugu wa tumbo moja, nao walikuwa wamefarakana kwa ajili ya mpaka. Ugomvi wa wazee ukaingia darasani. Vijana wale walikuwa hawajasemezana tangu muhula uanze.

"Mtoto yule alikuwa anamwomba nduguye radhi pasipo kusema neno," akasema yule mama. "Na nduguye alikuwa ameliacha jani likae. Ndipo ukaja wewe."

Wapendwa wasikilizaji, usiku ule sikupata usingizi. Katika lugha yetu, ua ni lile la kupambia, na ua ni ule wa kuzungushia makao. Tena kuua ni kutoa uhai. Nilidhani ninacheza na yale mawili ya kwanza, kumbe nilikuwa nikitenda la tatu. Hakuna damu iliyomwagika. Lakini kulikuwa na amani changa, yenye umri wa saa chache, nami niliing'oa kwa dhihaka ili nipendwe na darasa.

Kipindi kilichofuata ndicho alichokuwa anakuja mkufunzi kutoka chuoni kunipima. Nikajishauri: nitamwita kijana pembeni, baada ya mgeni kuondoka, mwalimu akiomba radhi mbele ya wanafunzi atapoteza heshima. Lakini moyo ukanihoji: ulimwaibisha pembeni, au mbele ya wote? Alfajiri nikaenda kwa yule mama, naye akanikatia jani la isale katika mpaka wa kihamba chake.

Nikaingia darasani. Mkufunzi alikuwa ameketi na kalamu yake. Nikasema, "Juzi nilimdhihaki mwenzenu, nikatupa kitu nisichokijua. Namwomba radhi yeye, nawaomba radhi nanyi nyote mliocheka kwa sababu yangu." Nikaliweka jani juu ya meza yao. Darasa likanyamaza kimya. Kijana akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akalisimamisha ndani ya lile bakuli lao, mahali pale pale lilipokuwa. Mwenzake akasogeza maua yake kidogo, akalipa nafasi.

Mkufunzi aliandika kwamba dakika kumi za kwanza hazikuwamo katika andalio la somo. Alisema kweli.

Kama baba zao walipatana, sikupata habari. Mazoezi yangu yalikwisha nikaondoka. Bakuli lililokwenda kanisani lilikuwa la jozi nyingine, kwa maana la vijana wale halikuwa zuri kuliko yote. Lao lilibaki dirishani mwa darasa. Siku ya sita maua yake yalikuwa yamenyauka yote, lakini isale lilikuwa bado kijani.

Ndugu zangu, mara nyingi tunaipamba sadaka yetu na kuusahau moyo unaoileta. Kwaya zinaimba kwa sauti nne, na waimbaji wawili wa mstari mmoja hawasalimiani. Jumuiya inachanga fedha za parokia, na ndani yake majirani wanashtakiana kwa hatua mbili za ardhi. Kinyongo kilichofichwa ni kama majani yaliyoachwa kuzama majini: hakionekani, lakini kinaoza, na maua yaliyo juu hayadumu.

Angalieni pia kwamba Bwana hamsemeshi aliyekosewa, akae na kungoja kuombwa radhi. Anamsemesha yule ambaye mwenzake ndiye mwenye lalamiko. Ni mkosaji anayepaswa kufunga safari. Na safari hiyo humwelemea zaidi aliye mkubwa: mzazi kwa mtoto, mwalimu kwa mwanafunzi, mchungaji kwa kondoo wake. Tunaogopa kwamba heshima yetu itaanguka. Nawashuhudia kwamba katika wiki zote zilizobaki vijana wale hawakunidharau hata siku moja. Na wavulana hawakunong'ona tena.

Kwaresima i karibu. Katika siku zile altare haipambwi maua, isipokuwa Dominika ya Laetare, na sherehe na sikukuu. Kanisa litakuwa tupu machoni petu. Basi tusingoje mpaka siku hizo. Kila mmoja amtafute moyoni mwake mtu mmoja aliyemtupia neno la dharau, huenda kwa mzaha tu, huenda mbele ya watu waliocheka. Kabla ya Dominika ijayo na amwendee. Kama hana isale, anao ulimi, nao ni ule ule uliojeruhi.

Tuombe. Ee Mungu mwenye huruma, utusamehe maneno tuliyoyasema ili tupendwe na wengi, yakamwumiza mmoja. Utupe unyenyekevu wa kurudi njia tuliyojia, na utujalie tukifika mbele ya altare yako tuje pamoja na ndugu zetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.