Mikono ya Musa Ilipochoka

Somo letu la leo liko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, mstari wa 8 hadi wa 13.

Habari hii mnaijua. Waisraeli walikuwa vitani na Waamaleki, na Musa amesimama juu ya kilima. Alipoinua mikono, watu wake walishinda, alipoishusha, walishindwa. Mwishowe mikono yake ikawa mizito. Angalieni walivyofanya Haruni na Huri. Hawakumwita mvivu, wala hawakumwambia ajikaze. Kwanza waliona kwamba mikono imechoka. Kisha wakamtafutia jiwe akalie. Tena wakamshika mikono, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likatua.

Sasa twendeni Kizingitini, mji wa wavuvi kaskazini mwa kisiwa cha Pate, huko Lamu. Tuseme yupo mwanamume wa miaka 34. Kwa kushona nyavu hana mwenzake. Lakini kelele za pwani wakati wa kupima samaki humvuruga kabisa. Mzaha wa wenzake haumwingii. Saa ya kuondoka chombo ikibadilishwa ghafula, siku yake nzima imeharibika. Tangu utotoni ameitwa mkaidi, tena mwenye pepo. Mkewe amechoka kumtetea, naye mwenyewe ameanza kuamini kwamba hafai.

Ndugu zangu, huenda hali hiyo ina jina. Huenda ni usonji, au ile hali ya kukosa utulivu na kushindwa kukaza fikira, ambayo madaktari huiita ADHD. Si laana, wala si malezi mabaya. Wengi hudhani haya ni mambo ya watoto tu. Lakini mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji.

Hali hizi hazipimwi kwa damu wala kwa picha. Mtaalamu huketi na mtu, pengine zaidi ya mara moja, akimwuliza habari za maisha yake tangu utoto, maana ndiko zinakoanzia. Huchunguza pia mambo yanayofanana nazo, kama kutosikia vizuri, kukosa usingizi, au huzuni ya muda mrefu. Basi mama mzazi, au shangazi aliyemlea, ana ushahidi mkubwa. Afuatane naye. Akishindwa kwa uzee, anayoyakumbuka yaandikwe, barua isafiri.

Safari yenyewe si ndogo. Huanzia zahanati ya karibu kwa kuomba barua, kisha ni boti hadi mjini Lamu, na katika mkondo wa Mkanda vyombo hungoja maji yajae. Wataalamu ni wachache, na wengi wako mbali, Mombasa au Nairobi, ambako iko Mathari, hospitali ya afya ya akili iliyofunguliwa mwaka 1910.

Na akisharudi na karatasi yenye jina la hali yake? Hapo ndipo wengi tunapolegea. Hawezi kwenda Nairobi kila mwezi. Kwa hiyo kazi igawanywe. Mtaalamu aamue na kuandika barua. Akiwa amepewa dawa ya ADHD, mhudumu wa karibu ampime shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito, naye amjulishe mtaalamu. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Lakini jiwe la kukalia lipo. Nahodha amwambie saa ya safari tangu jioni. Mkewe amwandikie anayomtuma. Samaki wake wapimwe kando ya makelele.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye usonji. Wa kwanza wao alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alifanya kazi benki miaka mingi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Usonji wake haukuondoka. Watu wa mji wake walimzoea, wakamlinda, wakamhesabu kuwa mwenzao.

Hata Musa, uchovu wake haukuondolewa siku ile, uligawanywa. Wengi wa Kizingitini ni ndugu zetu Waislamu, nasi hatuulizwi mkono uliochoka ni wa dini gani. Basi usimwambie mtu kama huyu aombe tu na kuacha hospitali. Omba pamoja naye, kisha changa nauli ya boti. Na mwezi ujao, wengine watakapokuwa wamesahau, mwulize tena habari zake.

Tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona mikono iliyochoka, na nguvu ya kuishika mpaka jua litue. Amina.