Tusajili Ardhi Kabla ya Leseni Kutolewa
Maneno ya Kamati Kuu katika harambee ya mwaka



Miaka mingine tumewaita kuchangia karo na matangi ya maji. Mwaka huu tunawaomba mchangie karatasi za ardhi. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini, ilhali ukame bado uko nasi. Tunaomba kuwajibu.

Upande wa Kuranze hupatikana vito vya kijani, na wageni wenye nyundo na ramani wamezidi. Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, na serikali ya kitaifa huyashika kwa niaba ya wananchi. Hatimiliki haiwezi kubadilisha hilo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema leseni ya kutafuta au kuchimba madini haitolewi juu ya ardhi ya jamii bila ridhaa. Ridhaa ya nani? Ardhi ikiwa imesajiliwa, jamii huulizwa kupitia viongozi wake wa ardhi. Isiposajiliwa, anayeulizwa ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Malisho yetu mengi hayajasajiliwa. Mtu akiomba leseni kesho, ridhaa itatafutwa Nairobi.

Na leseni si jambo la msimu mmoja. Ya uchimbaji mkubwa inaweza kufika miaka 25. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mzazi kabla haijaisha.

Tutazame jirani zetu wa Maumba na Nguluku, hapa hapa Kwale. Mkataba wa titaniamu ulitolewa 2004, chini ya sheria ya 1940 ambayo haikuitengea jamii fungu la mrabaha. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni 2014; sheria mpya ikaja 2016; uchimbaji ukafungwa mwisho wa 2024. Sasa sheria inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali panapochimbwa. Tukitaka hiyo 10 itufikie bila mabishano, tuwe jamii yenye jina, mipaka na orodha ya watu wake.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imetuonyesha njia. Jamii hukutana, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, huandika wanachama wake na kuomba kusajiliwa. Baada ya hapo, mkataba wa mwekezaji hausimami mpaka theluthi mbili ya mkutano wa jamii ikubali. Hakuna mzee mmoja wala kijana mjanja atakayetia saini peke yake usiku.

Tunajua hofu zenu. Kuweka mipaka kunaweza kuamsha ugomvi na majirani. Ndiyo maana sehemu ya fedha hizi ni ya vikao vya wazee wa pande zote mbili kabla kigingi chochote hakijapigwa. Na mabinti zetu, walioolewa na wasioolewa, majina yao yataandikwa. Orodha inayowaacha nje hatutaipeleka kwa msajili.

Fedha nyingine zitalipa mchora ramani, wakili, nauli za wajumbe na mikutano ya kila kijiji. Tutawasaidia pia vijana wetu wanaochimba kwa mikono waombe vibali vyao, waache kukimbia askari kila gari linapotokea.

Tunaomba kila mwanachama shilingi 2,000, na kila tawi lisimamie mkutano wa kijiji kimoja. Hesabu zitasomwa hadharani, kama kawaida yetu.

Hatuwakatai wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachotaka ni kwamba mgeni akija kubisha hodi, sisi ndio tuwe wa kumwitikia.