Penseli Kabla ya Riwaya

João Paulo Borges Coelho wa Msumbiji anasifiwa kwa riwaya: O Olho de Hertzog ilimpatia tuzo ya LeYa mwaka 2009, na mwaka 2021 akatoa Museu da Revolução. Wachache wanakumbuka kwamba mwanahistoria huyu alianza na katuni. Akapwitchi Akaporo ya 1981 inahusu silaha na watumwa. No Tempo do Farelahi ya 1984 inamrejesha Farelahi, mtawala wa Angoche aliyepigana na Wareno. Naona katuni hizo ndizo zinazotufaa zaidi sisi wa kaskazini, kuanzia Ibo hadi Palma, ambako Kireno cha riwaya kinawapita wengi, ilhali biashara ya kubadilisha watu kwa bunduki, ikichorwa, haihitaji mkalimani.

Watasema mchoraji hubuni sura asizowahi kuziona. Ni kweli. Lakini maofisa wa Kireno nao walimchora Farelahi kwa maneno, tena kwa jicho la adui, na ripoti zao tunaziweka makumbusho bila kuuliza. Katuni angalau haijifichi kwamba imebuniwa. Na wanaodai ni mambo ya watoto, sawa: basi shule za Mocímboa da Praia ndiko katuni hizi zianzie, zikiwa na maelezo ya Kimwani chini ya kila picha.