Umri wa Bastola ya Urithi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya jambo dogo ambalo limekwisha kuzua ugomvi mkubwa katika nyumba nyingi. Mzee afapo na kuacha bastola ya silinda ya zamani, warithi watajuaje umri wake? Mmoja huapa kuwa babu alikuwa nayo katika vita vya Tanga mwezi Novemba 1914, mwingine humcheka, mwisho ndugu hawasemezani. Nami nasema, tusiwaulize warithi, tuiulize bastola yenyewe. Chuma kile si bubu, na sisi tuliozoea mihuri na mafaili ndio tufaao kukisoma.

Lakini kwanza ni sheria na usalama. Katika Kenya na Tanzania hapana ruhusa kuweka bastola bila kibali, na kibali ni cha yule aliyetajwa ndani yake. Mwanawe hakirithi kama arithivyo shamba. Basi warithi na waende kituo cha polisi watoe habari, wala wasiibebe njiani mpaka waambiwe namna ya kuileta. Mtu ajuaye kazi hiyo aifungue na kutoa risasi, ndipo isomwe. Tena mtu asiisugue kwa msasa ili ing'ae: kufuta chapa zake ni sawa na kuchoma faili kabla ya kulisoma.

Sasa, chapa za kutazama ni nne.

Ya kwanza ni jina la mfano. Tuchukue Webley ya Uingereza, bastola ya maofisa wa jeshi lao. Mfano wa kwanza, Mark I, ulikubaliwa na serikali yao mwaka 1887. Wa sita, Mark VI, ulikubaliwa mwaka 1915. Basi kama chuma chasomeka Mark VI, hapana njia bastola hiyo kuwako Tanga mwaka 1914. Hata hivyo, mzee asiitwe mwongo upesi. Vita katika nchi zetu viliendelea hata Novemba 1918, na huenda aliipata baadaye. Wajukuu ndio waliochanganya miaka.

Ya pili ni tarehe zilizochongwa, na hapa wengi hujikwaa. Bastola za Colt za Marekani, za mfano wa 1873, zina tarehe za 1871, 1872 na 1875. Hizo ni tarehe za hataza, yaani za kulinda haki ya aliyebuni. Bastola zenye tarehe hizo ziliendelea kutengenezwa hata baada ya 1900. Ndugu makarani, mnajua tarehe iliyopigwa chapa chini ya fomu tupu si siku ambayo fomu ilijazwa. Ndivyo ilivyo hapa.

Ya tatu ni mihuri ya majaribio. Birmingham ina nyumba ya kujaribia silaha tangu 1813, na Liège katika Ubelgiji vilevile hujaribu na kupiga muhuri. Muhuri wa Liège ni herufi ELG ndani ya umbo la yai. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu yake. Basi ELG yenye taji haikupigwa kabla ya mwaka huo. Na maneno NOT ENGLISH MAKE yaonyesha silaha ya kigeni iliyojaribiwa Uingereza kwa kanuni za 1925, hata ikiwa yenyewe ni kongwe zaidi. Muhuri hueleza siku ya kujaribiwa, wala si lazima siku ya kuzaliwa.

Ya nne ni namba. Iandikeni vema, pamoja na herufi zake zote, mkamwandikie mwenye kutunza madaftari ya kiwanda kile. Huenda daftari likataja mwaka wenyewe. Tazameni pia alama ya mshale mpana, ambayo ni ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha maana yake iliuzwa na kutolewa katika mali hiyo. Alama hiyo ndogo yaweza kulinda heshima ya marehemu kuliko mashahidi kumi, maana yaonyesha silaha ilitoka jeshini kwa njia halali.

Mwishowe, andikeni yote katika karatasi moja: mfano, tarehe, mihuri, namba, na kila neno wasemalo wazee, mkitenga lililosomwa na lililosikiwa. Mkifanya hivyo, warithi watagombana kidogo, na wajukuu watapata habari ya kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Ya chapa ni ndefu, lakini hufika.