Ndege Wanajua Majira Yao

 Neno letu la leo limo katika Yeremia sura ya 8, mstari wa 7. Hapo nabii anawasikitikia watu wa Mungu: ndege hujua wakati wa kuja na wa kurudi, bali watu hawajui agizo la Bwana wao.

Sisi wa Nyeri hatuhitaji kwenda mbali tuyaone hayo. Mito yetu, Chania na Gura kutoka Nyandarua, na Sagana kutoka Mlima Kenya, yote huishia katika Tana, mto mrefu kuliko yote nchini. Mvua fupi zikianza, tuyafuate maji hayo mpaka mashamba ya mpunga ya Mwea na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Huko wamejaa ndege wa majini, wengine wa hapa hapa, wengine wageni kutoka Ulaya na Asia. Na angani huja korongo weupe, wakizunguka bila kupiga mabawa, wakibebwa na hewa ya joto ipandayo kutoka ardhini. Kwa kuwa hewa hiyo haipandi vizuri juu ya bahari, wao huizunguka Bahari ya Kati kwa nchi kavu, wakipita Israeli, Misri na Sudan. Njia yao hupita juu ya nchi ile ile aliyohubiri Yeremia.

Tena huja tai kutoka nyika za Urusi na Kazakhstan. Ndege mkubwa vile, naye hutua chini kula kumbikumbi kama kuku! Yuko pia kozi mdogo, asiyefika gramu 200. Huyu huzaliwa Siberia na kaskazini ya China, hupumzika India, kisha huvuka Bahari ya Hindi, kilomita zipatazo 3,000, bila pa kutua. Ni nani aliyemfundisha? Bwana alimwuliza Ayubu swali kama hilo katika sura ya 39, na Ayubu hakuwa na jibu.

Lakini safari ndefu hivi yaweza kukatizwa na mkono mmoja. Mwaka 2012, huko Nagaland, India, kozi hawa walinaswa kwa nyavu kwa maelfu mengi, wakauzwa kwa nyama. Watu wa Nagaland wengi wao ni Wabaptisti, watu wa kanisa kama sisi. Walihitaji fedha, na ndege walionekana hawana mwenyewe. Ndipo wazee wa vijiji na viongozi wa makanisa wakaketi, wakaonyana, wakakataza jambo hilo. Msimu wa 2013 ndege walipita salama. Mwaka mmoja tu!

Na kwetu je? Mkulima anayeona mpunga wake ukiliwa ana uchungu wa kweli, na mfugaji aliyeibiwa kondoo na fisi vivyo hivyo. Hatuwadharau. Lakini dawa ya wadudu ikipakwa kwenye mzoga au kutegwa shambani haichagui. Huua fisi, na tai, na mbwa wa jirani, na humdhuru mtu atakayemla ndege huyo. Tai huyu wa nyika tangu mwaka 2015 amehesabiwa kati ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Afadhali tujenge boma imara, tuwafukuze ndege kwa kelele, tumwulize bwana shamba. Katika Kumbukumbu la Torati 22, hata mtu aliyeokota makinda aliagizwa amwache mama yao aende. Kula kuna mpaka.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa hula viwavi na nzige wa mashamba yetu, na mwezi wa Machi hutuaga. Wiki hii tuzungumze na jirani mwenye sumu ghalani, kwa upole.

Tuombe. Ee Bwana, unayemwongoza kozi juu ya bahari, utufundishe kujua agizo lako, na kumpokea mgeni uliyemtuma. Amina.