Amesema kwa mbele, amesema kwa nyuma

Ndugu wasikilizaji, leo naomba mchukue kalamu na karatasi, maana mazungumzo haya yanataka macho pamoja na masikio. Andika neno "amesema". Sasa lisome herufi moja moja, ukianzia mwisho na kurudi mwanzo: a, m, e, s, e, m, a. Limerudi lilelile. Jaribu "akipika". Jaribu "atapata". Jaribu "anakana", na utaona kwamba hata ukimgeuza mshtakiwa kichwa chini miguu juu, bado anakana.

Maneno ya aina hii Wazungu huyaita palindromu, jina walilolitoa kwenye Kigiriki, lenye maana ya kukimbia kurudi nyuma. Mchezo wenyewe ni wa zamani sana. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano mwaka 79, umekutwa mraba wa maneno matano ya Kilatini yanayosomeka kwa mbele, kwa nyuma, kwa kushuka na kwa kupanda. Mwandishi Mwarabu al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga sentensi nzima za namna hiyo. Hata kalenda hucheza. Aliyeishi mwaka 1991 na mwaka 2002 ameiona miaka miwili ya mbele-nyuma, na anayeutaka wa tatu itabidi aungoje 2112.

Kwetu sisi, karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Kwa hiyo neno la mbele-nyuma sharti lianze na irabu hiyohiyo. "Baba" halifai, ukiligeuza unapata "abab". Lakini tunayo "ini", "aya", "ewe", "upupu" na "ububu". Tunalo pia "utu", nami nalipenda kuliko yote.

Hazina kubwa iko katika vitenzi. Yule mtu wa tatu, mwenye "a" mwanzoni, akikutana na "me", anatafuta tu kitenzi kinachoishia na "-ema": amesema, ametema, amehema. Akiwa na "ta", tunapata atakata na atapata. Akiwa na "ki", tunapata akifika, akipika, akizika. Akiwa na "ka", tunapata akataka na akapaka. Wenye lugha nyingine hukesha wakitafuta maneno kama haya. Sisi sarufi yetu inatuzalia bila kuombwa.

Sasa nije kwetu Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, pale juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Wajerumani walijenga boma lao pale, lakini reli ilipokuja ikapitia Saranda na Manyoni, na mji ukabaki na utulivu wake. Likizo iliyopita nilikaa barazani na watoto wa jirani, nikawakuta wanacheza kinyume. Mchezo huu wengi mnaujua: unachukua silabi ya mwisho ya neno unaiweka mbele. Mbuzi anakuwa "zimbu", ugali unakuwa "liuga", Saranda inakuwa "Ndasara", na Kilimatinde, bila aibu yoyote, inakuwa "Ndekilimati". Si mchezo wa jana. Mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, aliuelezea katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1870.

Hodari wao alikuwa kijana wa darasa la nne. Aliongea kinyume kwa kasi hata mimi nikapotea. Nikachukua kijiti, nikaandika "amesema" kwenye mchanga, nikamwambia: "Haya bwana, lisome kuanzia mwisho." Akajibu papo hapo: "Masemea." Yaani aligeuza silabi, hakugeuza herufi. Binti wa darasa la pili, ambaye husoma polepole huku kidole kikifuata kila herufi, ndiye aliyepiga kelele: "Babu, ni lilelile!" Kisha akaandika la kwake: "ametema".

Nikamwomba yule kijana alete kitabu chake cha shule. Akasoma ukurasa mzima kama maji. Nikamfunulia ukurasa ambao hawajaufikia. Akanyamaza kimya.

Mtoto huyu si mjinga. Ana masikio ya ajabu. Nyumbani anaongea Kigogo, Kiswahili amekidaka kwa kusikia, na darasani anasoma kwa kuitikia pamoja na wenzake. Wakishaimba ukurasa mara tano anao kichwani, na mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hawezi kumtambua katika ile kwaya. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2011 uliona kwamba ni watoto kama 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu nchini walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ukabadilishwa ili uzito uwekwe kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Vizuri. Lakini kwaya bado inaimba.

Sipingi ba-be-bi-bo-bu. Kiswahili ni lugha ya silabi, na silabi ndiyo mlango wa kuingilia. Sikio hufurahia "tafuta", "katika" na "takata", maana silabi zake zikigeuzwa zinarudi palepale: ta-fu-ta, ka-ti-ka, ta-ka-ta. "Amesema" ni kitu kingine. Ili uuone mchezo wake lazima uivunje silabi, uone m peke yake na e peke yake. Asiyeweza kufanya hivyo ukurasa mpya utamshinda. Mzazi mwenye kijiti na mchanga anaweza kumpima mwanawe jioni moja, bila kumwaibisha na bila kulipa senti.

Yule kijana hakukubali kushindwa na mtoto wa darasa la pili. Siku tatu alikuwa akichorachora ardhini peke yake. Siku ya nne akaniletea "akishika". Binti akapinga, akasema kwa nyuma linakuwa "akihsika", na hilo si neno. Kijana akamjibu kwamba s na h hapo ni sauti moja, hazitenganishwi. Mimi nilimpa kijana ushindi, binti akakata rufaa kwa bibi yake, na mpaka napanda basi la kuondoka hukumu ilikuwa haijatoka.

Refu kuliko yote nililolipata mimi lina herufi tisa: "akitatika". Mwenye la herufi kumi na moja, la Kiswahili cha kweli, si la kubuni, aniandikie kwa anwani ya kipindi hiki.